Si Chiriku Uliyemsikia

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini, umetulia? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na bado anabishana na redio kila asubuhi. Mimi mwili hauna neno, ila nina hasira, kaka, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele hadi majirani waje kutuamua.

Ni ile video. Ile ya siku ya wageni shuleni kwetu, binti yako Chiriku amekaa mbele na ukulele yake, vidole vinakimbia, ukumbi mzima unapiga makofi. Umeituma kwa ukoo wote na kwa wenzako wa kazini. Jana shangazi yetu kanipigia simu akilia kwa furaha. Basi sikia. Muziki ule si wa Chiriku. Ulitoka kwenye spika. Siku ile hakusikika mtoto hata mmoja.

Watoto wale nimewafundisha mwenyewe, tangu wakidhani ukulele ni gitaa lililokataa kukua. Wamelia kwa vidole kuuma, wamenizomea, wamezoea, na mwisho wakapiga wimbo mzima pamoja, wazi, bila kukimbizana. Chiriku alikuwa na kipande chake cha katikati cha kupiga peke yake. Vidole vyake ni vifupi, kile kipande kilimtesa kweli, lakini alikipata. Mimi nilikisikia. Mama alikisikia mpaka akazima redio.

Sasa mwalimu mkuu wetu, yule tunayemwita Bwana Rangi kwa kuwa wageni wakija hupaka rangi hata mawe, aliona nyuzi zetu zimechakaa. Bila kuniuliza, jioni ya kuamkia siku ya wageni akamwita fundi, akazibadilishia ukulele zote nyuzi mpya. Zinang'aa! Lakini nyuzi mpya hulegea, kaka. Unazikaza, ukifika kwenye ya nne, ya kwanza imeshashuka. Zinataka kupigwa siku kadhaa ndipo zitulie. Asubuhi nimeingia darasani, nimegusa moja, nimegusa ya pili, nikataka kukaa chini. Ilikuwa kama kila mtoto kashika wimbo wake.

Nikamfuata ofisini. Nikamwomba anipe nafasi niwaeleze wageni kwamba watoto wataimba tu. Hakuinua hata macho.

"Mwalimu, wageni hawaji kusikiliza, wanakuja kuona. Tutaweka rekodi. Watoto wachezeshe vidole, basi."

Nikamwambia sitawaongoza watoto katika uongo. Akasema ataongoza mwenyewe. Uliniuliza yule mwenye suti anayepunga mikono ni nani. Ndiye huyo. Hajui hata ukulele ina nyuzi ngapi, na zile mpya alizinunua yeye.

Watoto waliambiwa wakiwa wameshapanga mstari nyuma ya pazia. Wangefanya nini? Wakaenda, wakachezesha vidole. Baadaye mama mmoja mgeni akainama kumpa Chiriku mkono, akamuuliza ni nani kamfundisha kupiga vizuri hivyo. Mwanao akajibu kwa adabu kabisa, "Sikupiga mimi, mama. Ilikuwa spika." Bwana Rangi akacheka meno yote nje, akasema mtoto huyu ana utani sana. Wageni walipogeuka, akamvuta pembeni mbele ya wenzake.

"Unataka kuniaibisha? Mtoto mwongo wewe!"

Mwongo! Yeye ndiye amwite mwenziwe mwongo! Niliyomjibu siyaandiki hapa, maana Mama atataka nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Bwana Rangi amenipa onyo. Na anipe.

Lakini hasira hii yote si yake peke yake. Nyingine ni yako, kaka yangu, nikufiche nini. Ulituma ujumbe wa sauti, tukauweka sebuleni tuusikilize wote. Ukasema, "Mwanangu, hapa sasa umepiga! Zile ulizokuwa ukinipigia kwenye simu zilikuwa mchezo tu, hii ndiyo yenyewe!" Chiriku aliinuka, akaenda chumbani. Nilipomfuata alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Akaniambia, "Kumbe zangu alikuwa hazipendi."

Umemvisha mwanao kilemba cha ukoka bila kujua. Najua hukujua. Ila hukuuliza pia.

Tangu hapo hagusi ukulele. Haringi, hanuni, anasoma, anakula, anaosha vyombo. Ila anafuga kucha za mkono wa kushoto, na ukulele haipigwi kwa kucha ndefu, huwezi kubana uzi. Kila siku naziona zimeongezeka na roho inaniuma. Nilimwomba azikate. Nikambembeleza. Nikamwambia nitamwambia baba yake ukweli wote. Akafikiri, akasema, "Baba ukimwambia wewe, atajua yeye tu. Awaambie wale wote aliowatumia."

Kwa hiyo fanya hivyo. Waandikie wote, shangazi, wenzako wa kazini, wote, kwamba huyo waliyemsikia si mwanao. Najua utaona aibu. Ona tu.

Mama anakusalimu na anasema uvae nguo nzito. Fundi cherehani wa jirani naye anakuulizia. Mungu akulinde njiani na kazini, akurudishe kwetu salama.

Mimi dada yako, nakupenda hata nikiwa nimekukasirikia.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Chiriku ameuliza barua itakufikia lini. Nikamwambia, si leo wala kesho. Amekaa akiangalia mkono wake, akasema, "Akiwaambia, nitakata kucha."