Karatasi ya Ndani ya Pakiti

Baba watoto,

Ukitoka bafuni uzime jiko, maharage yameiva. Kitinda mimba umpeleke kwa shangazi yake.

Asubuhi nilikufokea, niwie radhi. Ulikuwa unasoma karatasi ya vidonge vyangu vya uzazi wa mpango, ukaniuliza, "Presha ulipimwa lini?" Nikakujibu, "Miaka kumi na moja ya ndoa, leo ndiyo unauliza?" Kilichoniuma ni kwamba mimi ninayevimeza sijawahi hata kuikunjua.

Sasa nimeisoma yote, pamoja na maonyo yake. Hasira zimeisha, maswali yamejaa: presha, kipandauso changu, na je, nibadilishe njia? Nimeenda kliniki kumuuliza muuguzi.

~~Usinifuate.~~ Nifuate. Swali ulianzisha wewe, jibu ulisikie kwa masikio yako.

Mama watoto