Tai ya Mzee Detlefsen

Hamburg, 24 Januari 1966

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila roho iko juu. Baba yake Henning, Mzee Detlefsen, anataka kuja Köln akuone wewe na mji wetu kabla hajaikubali harusi yetu. Anasema watu wa Köln ni watu wa mzaha, na mwanawe wa pekee hataoa kwenye mzaha. Mwonyeshe kanisa kuu, Mto Rhine na ile sakafu ya kale ya Warumi, ya vijiwe vya rangi. Mchagulie siku iliyotulia. Nakuomba, Baba, siku moja tu usimtanie mtu.

Mwanao, Annegret

Köln, 7 Februari

Binti yangu,

Mimi sijambo, goti ndilo linalojidekeza. Ondoa shaka. Nimemwandikia mzee mwenyewe aje Alhamisi, tarehe kumi na saba. Mgeni wa heshima hupewa siku ya heshima. Nimeacha kumtania hata jirani, naye ameanza kuniuliza kama naumwa.

Babako

Hamburg, 17 Februari

Baba!

Salamu baadaye. Nilikuwa safarini, barua yako nimeikuta leo. Kumi na saba! Siku ambayo wanawake wa Köln wanatoka na mikasi kukata tai za wanaume, ndiyo umemwita mtu anayevaa tai hata ufukweni? Tena ile ya hariri, aliyoachiwa na marehemu baba yake! Huku hawana kanivali, sherehe hiyo yenu ya kila mwaka, hajui lolote, na ameshapanda treni. Nakuandikia huku nikijua nimechelewa.

Mwanao

Köln, 19 Februari

Binti yangu,

Natumai u mzima kuliko mimi. Hata nje ya stesheni hatukufika. Mama mmoja aliyevaa kama kuku alimjia, kacha! Tai nusu. Mzee akapiga kelele, "Mwizi! Polisi!" Polisi akaja, naye tai yake nusu, mashavu yote rangi ya mdomo. "Pole, mzee," akasema, "hata bosi wangu kakatwa."

Kanisa kuu alilipita ameinama, anatazama kifua chake. Mto Rhine hakuugeukia. Kwenye sakafu ya Warumi tulikuta mlango umefungwa, wahudumu wako mtaani wanacheza. Nikamwingiza baa apumzike. Yule mama kuku akatokea, akambusu shavuni.

"Ulikimbia bila malipo yako," akamwambia. "Tai moja, busu moja. Ndiyo sheria."

"Sheria?" akauliza mzee.

"Tangu enzi za bibi yangu!"

Mzee akamaliza bia yake, akaenda stesheni bila kuniaga. Mwanangu, nilidhani nampa kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Nimekuharibia, na inaniuma sana.

Babako

Hamburg, 23 Februari

Baba mpendwa,

U mzima? Kula kwanza, ndipo usome. Mzee alirudi salama. Mkewe alipomuuliza tai iko wapi, alijibu, "Imekatwa kisheria," akaenda kulala. Jana mezani akafuta mdomo, akatangaza: harusi itafanyika Köln, mwakani, Alhamisi hiyohiyo ya mikasi na si nyingine. Henning akalalamika kwamba mwaka ni mrefu. Mzee akasema watu wa Köln wana utaratibu wao, na utaratibu hauharakishwi.

Nimelia kwa furaha, Baba. Yeye hakuniona. Alikuwa ameshaketi kumwandikia mwaliko shemeji yake wa benki, ambaye hawajasalimiana naye tangu vita, akimsisitizia avae tai yake nzuri kuliko zote.

Mwanao, Annegret