Nyasi za Matanga Yangu

Kashozi

Mjukuu wangu Kokushubira,

Habari za huko Dodoma? Sisi hatujambo, na mbuzi wako kazaa mapacha. Unauliza kama nitaacha dawa za homa ya ini aina C, kwa kuwa chembe za kugandisha damu yangu ni chache. Siachi! Daktari anasema sindano za zamani ndizo zilikuwa zikizipunguza zaidi. Dawa za sasa ni vidonge, nameza huku akinipima damu.

Miaka ile ya Ukimwi, baada ya vita vya mpakani, ukikonda tu watu wamekwisha kukuzika. Nami nilikonda. Jirani yetu Ma Paskazia akaingia na mzigo wa nyasi za kukalia waombolezaji. Nimelala, namwona!

"Ma Paskazia, nani kafa?"

"Bado, mwanangu. Tunajiandaa tu."

Niliinuka kwa kushika ukuta, nikaziburuta nyasi zile hadi kibanjani, nikazitandaza mashinani mwa migomba. Nilipumzika mara nne njiani, naye ananitazama.

Ukija likizo utakula ndizi za migomba ile. Ma Paskazia alipofariki, nyasi za msiba wake nilizikata mimi.

Bibi yako, niliyepo