Koti la Gizani

3 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, Baba kikohozi kimemwachia. Wewe na cherehani zako mmeamkaje?

Nimelijaribu koti jeusi ulilonishonea. Nguo zangu zote hunisaliti mgongoni, lakini hili haligusi kibiongo changu. Limekiachia chumba chake. Nilizima taa, nikalivaa, nikajipapasa kuanzia kola hadi pindo. Kwa mara ya kwanza sikujikunyata.

Umesema kwenye onyesho lako la mavazi watu watakaa gizani, wazijue nguo kwa mikono bila kumwona anayezivaa. Kama ni hivyo, nitakuja. Ila taa zisiwashwe, Shangazi. Shuleni nilitazamwa vya kutosha.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kiuno tu kinalalamika kwa kuinamia meza ya kukatia.

Mwoga wewe, hata kwenye karatasi unanong'ona! Litakuwa giza totoro, hata mimi nitapapasa kama kuku usiku. Taa haziwashwi, neno langu ndilo hilo. Njoo na viatu visivyolia.

Shangazi yako

5 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Hii barua ya pili tangu onyesho, na wewe hujajibu.

Bado umenuna? Wapiga picha walitoka mbali. Ningewaambia wapige giza? Taa ziliwaka kidogo tu, nawe uliinamisha uso, nani alikujua? Watu walisimama wakakupigia makofi! Picha ya mgongo wako nimeibandika mlangoni mwa duka, wateja wanaliulizia koti. Kizuri hakifichwi. Lilete nitoe kipimo, maana nililikata juu ya mwili wako, sina kingine. Tena mwezi ujao utalivaa tena.

Shangazi yako

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba nimemwambia onyesho lilikuwa zuri.

Gizani kuna mama alinishika mgongoni akasema, "Umbo zuri hili, sijui wametia pamba?" Taa zilipowaka aliutoa mkono haraka, akaufuta kwenye sketi yake. Makofi yalikuja baadaye.

Koti nimelituma pamoja na barua hii. Nimefumua mshono wa mgongoni, nikakikata kile chumba, nikaunga sawasawa kama ulivyonifundisha. Sasa litamkaa mdoli wako wa dirishani. Yeye hata ukimwashia taa haoni haya.

Binti wa kaka yako