Kompyuta Ndogo na Mzigo wa Ofisini

Baba Bilkis,

Wali uko chunguni. Bilkis anywe dawa akishakula, si kabla.

Leo saa sita ndiyo mwisho wa kupokea maombi ya ualimu mkuu. Kompyuta yangu ndogo ilikuwa inaandika barua vizuri tu, mpaka jana ulipoibebesha mfumo na programu zote za mashine kubwa ya ofisini kwenu. Ukasema, "Mke wangu hatumii vitu vya kitoto."

Nimeiwasha alfajiri. Nimekanda unga, nimechoma chapati sita, nimemwogesha mtoto, yenyewe bado inazungusha kiduara. Ilipofunguka ikaniuliza kama iongeze programu nyingine mpya. Nikakataa, ikazima, na maombi yangu niliyokwisha kuyaandika humo yakapotea nayo.

Nimekaa chini nikayaandika upya kwa kalamu, kurasa tatu, na sasa napanda bodaboda kuyapeleka mwenyewe mjini.

~~Usiiguse tena hiyo kompyuta.~~ Irudishie ule mfumo wake mwepesi kabla sijarudi. Najua ulitaka kuniheshimisha. Siku nyingine niulize kwanza.

Nikiupata ukuu, utaniamkia shikamoo.

Mama Bilkis