Mpunga Uliokwisha Kuvunwa

Golbanti, Jumapili

Kaka Jasper,

Sote wazima, na mto umerudi mahali pake. Hiribae ameipata ile filamu mliyoigiza nyinyi wawili kwenye memori kadi ya simu mbovu dukani kwake Garsen, nasi tukaitazama kanisani baada ya ibada. Mmekaa juu ya dungu na makombeo yenu, hamcheki hata kidogo, mnafukuza ndege kwenye mpunga uliokwisha kuvunwa. Mchungaji alicheka akashika mbavu.

Kuna kipande hujakiona. Baba alipowaita wavivu, ulishuka ukaenda zako, na simu ikabaki inarekodi. Baba akapanda, akakaa ulipokuwa umekaa, akakaza uso kama wewe. Hiribae akamuuliza, "Mzee, unalinda nini?"

"Nalinda mahali pa Jasper. Akirudi asikute pamekaliwa."

Mama alisema, "Rudisha hapo." Tukarudisha, tukarudisha, mpaka betri ikaisha.

Hukuja kumzika Baba, na hilo sitalirudia. Dungu la mwaka huu limeshajengwa na mpunga unaanza kuiva. Upande wako hajakaa mtu.

Njoo ukae. Ila usicheke.

Dadako,
Pauline