Madoa kwenye Sinia la Mama

Mama, shikamoo. Usiogope, sijaoa wala sijafungwa. Niko Liuli, nashiba usipa, hawa dagaa wa ziwani, na mchana nakaa na kina mama wa huku tunafundishana kupamba masinia kwa rangi ya mafuta. Sheria yao moja tu: unaanza mwenyewe, anamalizia mwenzio.

Jana nikachora tawi la kahawa kwenye sinia ninalokutengenezea wewe. Akalichukua Mama Neema, ambaye tangu ajiunge hajathubutu kugusa kazi ya mtu. Kakulia ziwani, mti wa kahawa hajawahi kuuona. Akanirudishia majani yote yamejaa vidoti vya rangi ya chungwa, anatabasamu mpaka basi.

Nikaropoka, "Mama wee, huo ni ugonjwa wa kahawa! Kule kwetu Maguu ukionyesha majani haya watu wanalia!"

Wenzake wakacheka. Yeye akaweka brashi chini. "Basi futa, mwanangu. Nilijua mimi siwezi."

Nilishika kitambaa chenye mafuta ya taa, mkono ukagoma. Nikawaza kahawa yako ya bondeni. Ina madoa hayohayo na hukuing'oa. Ulisema itazaa kidogo, lakini itazaa.

Nikamwambia hivyohivyo, na kwamba tunda lake likiiva huwa jekundu. Akafikiri, akaokota brashi, akaweka punje mbili nyekundu katikati ya yale majani magonjwa.

Sinia nakuletea. Majirani wakisema mwanao kaleta ugonjwa nyumbani, waandalie chai juu ya sinia hilohilo wanywe wanyamaze. Mungu akupunguzie maumivu ya mgongo, mama yangu.

Mwanao, Boni